Mashine ya Beringi na Chupa ya Maajabu

Wasomaji wangu, leo niwieni radhi, sitaandika juu ya programu wala simu mpya. Nataka kuandika juu ya oili. Ndiyo, oili ya injini, na hasa zile chupa ndogo za kuongezea kwenye oili zinazouzwa kando ya barabara ya Likoni kwenda Lungalunga kwa kuwaonyesha watu mashine. Msimamo wangu nautoa mapema ili asiye na muda aende zake: ile mashine haipimi kile unachodhani inapima, na kwa mwenye bodaboda chupa ile yaweza kumtia hasara mara mbili.

Mtaniuliza, wewe mtu wa kompyuta oili inakuhusu nini? Kweli mimi si fundi wa magari. Lakini kazi yangu ni kuandika programu na kuzipima kabla hazijamfikia mteja, na mchezo wa maonyesho naujua vizuri. Katika fani yetu kuna kitu kinaitwa demo. Muuzaji anafungua kompyuta mbele ya wakubwa, anabonyeza kitufe, ripoti inatoka imepambwa rangi, watu wanapiga makofi. Wasichojua ni kwamba wateja watatu walioko kwenye ile ripoti wameandikwa kwa mkono ndani ya msimbo, na ukibonyeza kitufe cha pembeni mfumo wote unaanguka. Demo hiyo haijasema uongo hata neno moja. Imekuonyesha tu ile njia moja iliyofagiliwa.

Sasa njoo Ukunda. Mwaka jana nilisimama pale karibu na stendi, jua la saa nane, nikimsubiri binamu yangu anayeendesha bodaboda kati ya Ukunda na Msambweni. Jamaa mmoja alikuwa ameweka meza, juu yake mota ya umeme inayozungusha pete ya chuma. Chini ya pete kuna kikombe cha oili, na pembeni mkono mrefu wa chuma wenye kipande cha beringi unaokandamizwa kwenye ile pete. "Karibuni ndugu zangu, macho hayana pazia!" anaita. Akaanza na oili ya kawaida, akaweka uzito kwenye mkono, mashine ikapiga kelele kama mbuzi anayechinjwa na mota ikasimama. Kile kipande cha beringi kikawa na kovu unaloweza kulisikia kwa ukucha. Kisha akatia kifuniko kimoja cha dawa yake kwenye kikombe kile kile. Akaongeza uzito, akaongeza tena, akaning'inia yeye mwenyewe kwenye mkono. Mota ikaendelea kuzunguka kwa ulaini. Vijana wakashangilia, na chupa nne zikanunuliwa papo hapo kwa shilingi 1,200 kila moja. Binamu yangu alinunua moja kabla sijamfikia.

Tuanze na fizikia, kidogo tu. Ukisimama kwa miguu mitupu kwenye mchanga wa Diani huumii. Ukisimama kwenye msumari utalia, na uzito wako ni ule ule. Kilichobadilika ni eneo linalobeba uzito. Ile mashine imeundwa iwe msumari. Kipande cha beringi kinagusana na pete kwenye sehemu ndogo mno, na mkono mrefu unazidisha nguvu mara nyingi. Ndani ya injini ya gari mambo si hivyo. Kranki ikizunguka, oili inavutwa katikati ya chuma na chuma na kutengeneza utando, kranki ikaelea juu yake. Chuma na chuma havigusani kama pale mezani. Zipo sehemu zinazobanwa zaidi, kwa mfano kemu zinaposukuma valvu, lakini mtengenezaji wa oili analijua hilo. Ndiyo maana oili ya kawaida tayari ina viungo vya kuzuia kulika, cha kawaida kabisa kikiwa kile chenye zinki na fosforasi, na vimepimwa visigombane na viungo vingine vilivyomo.

Kipimo chenyewe hakikubuniwa na matapeli. Kampuni ya beringi ya Timken ya Marekani ilihusika na kipimo cha namna hiyo, na hutumika kihalali kupima oili za gia na grisi, yaani vitu vya kwenye difu, ambako meno ya chuma yanasuguana kwa shinikizo kubwa kweli. Tatizo ni kukitoa difu na kukipeleka kwenye injini. Ni sawa na kupima simu kwa kuigongomea misumari. Itakayoshinda itakuwa nyundo nzuri, lakini simu je?

Na ile dawa inafanyaje hata mashine isisimame? Mara nyingi katika maonyesho ya aina hii siri ni klorini, katika umbo la parafini zilizotiwa klorini. Pale kwenye ncha ya msumari kuna joto kali sana. Klorini inaungana na chuma na kutengeneza ngozi laini inayoteleza. Ni kemia ya kweli na wakata vyuma viwandani wameitumia miaka mingi. Lakini vitu vingi sana vyaweza kutengeneza ngozi hiyo kwa dakika moja. Wapo waliokwisha kuweka shampuu ya nywele kwenye mashine kama ile, nayo ikaishinda oili ya injini! Sasa nani yuko tayari kutia shampuu kwenye injini yake? Isitoshe, klorini ndani ya injini ikikutana na unyevu na joto yaweza kuzaa asidi inayokula chuma. Injini yoyote ikichoma mafuta hutoa maji, na sisi watu wa Pwani, ambao hata bati la nyumba linaliwa na hewa ya chumvi, hatuhitaji kuambiwa kutu ni nini.

Kuna hila nyingine ndogo nilizoziona au kuzisoma. Moja ni kutumia kipande kile kile cha beringi kwa mara ya pili bila kukigeuza: kovu la kwanza tayari limepanua eneo, shinikizo limeshuka, kwa hiyo hata ungeweka oili ile ile ya kwanza ingeonekana imeboreka. Nyingine ni sanduku la plastiki lenye gia ndogo unazozungusha kwa mkono, oili nzito inapanda mpaka juu kama asali. Inapendeza macho. Lakini injini ya gari ina pampu ya kupandisha oili, na oili ikiwa ya kunatanata kupita kiasi yaweza kubeba viputo vya hewa na kuchelewa kufika inakotakiwa. Ipo pia ya kutoa oili kwenye friza na kuonyesha jinsi inavyomiminika kwenye baridi ya Ulaya. Ndugu yangu wa Msambweni, hiyo baridi utaipata wapi?

Ile iliyowapumbaza wengi duniani ni ya kumwaga oili yote kisha kuendesha gari likiwa kavu. Inatisha, mpaka ujiulize swali moja: gari la pili, lisilotiwa dawa, liko wapi? Oili ikimwagwa hubaki utando kwenye vyuma, na injini isiyobeba mzigo yaweza kwenda muda mrefu kuliko unavyodhani kabla haijakamata. Bila gari la kulinganisha huwezi kujua kama kilichokuokoa ni dawa au ni masalio. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiniletea kipimo kisicho na cha kulinganisha namrudisha.

Wamarekani walikumbwa na mambo haya kabla yetu, na faida yao ni kwamba walikwenda mahakamani, hivyo kumbukumbu zipo. Tume yao ya Biashara, FTC, ilimalizana na wenye Slick 50 mwaka 1997, ikisema madai yao ya kupunguza kulika kwa injini hayakuwa na ushahidi wa kutosha, na kwamba injini nyingi zinalindwa vya kutosha na oili iliyotajwa kwenye kitabu cha gari. Wakafuata Prolong mwaka 1999, Dura Lube mwaka 2000 na Motor Up mwaka 2001. Lakini iliyonigusa mimi kama mtu wa programu ni kesi ya zMax. FTC ilidai mwaka 2001 kwamba wauzaji walipeleka bidhaa yao kwenye kipimo halisi cha maabara, beringi zikaliwa zaidi ya mara mbili kuliko kwa oili tupu, kisha ripoti iliyotumiwa kuuzia ikaondolewa matokeo hayo mabaya na kubakizwa mazuri. Kesi ilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2003 na dola milioni 1 zikalipwa. Huko ndiko kufuta vipimo vilivyofeli na kumwambia bosi kila kitu kimepita.

Na msidhani kudanganya vipimo ni kazi ya wenye meza za kando ya barabara tu. Mwaka 2015 Volkswagen walikutwa na programu ndani ya magari ya dizeli, karibu milioni 11 duniani, iliyotambua kwamba gari liko kwenye mashine ya kupimia moshi na kulifanya liwe na adabu kwa muda huo. Likirudi barabarani, linarudia tabia zake. Programu hiyo iliandikwa na watu wenye shahada kama yangu.

Sasa turudi kwenye pikipiki, maana hapa ndipo hasara yenyewe ilipo, na wauzaji hawapataji kabisa. Gari lina oili ya injini na oili ya gia mbali mbali. Pikipiki nyingi za bodaboda za hapa kwetu, zile za miguu minne, zina oili moja tu, kama lita moja hivi, inayohudumia injini, gia na klachi kwa pamoja. Klachi yake inaoga ndani ya oili. Na klachi, jamani, inafanya kazi kwa msuguano! Sahani zake zisiposhikana, pikipiki haiendi. Ukitia kitu kilichotengenezwa kuondoa msuguano kila kinapogusa, unaipa klachi utelezi. Wajapani waliliona hili mwishoni mwa miaka ya 1990, wakaweka viwango vya JASO: MA kwa oili inayofaa klachi ya ndani ya oili, na MB kwa zile zenye utelezi zaidi, ambazo hutumika kwenye skuta zisizo na klachi ya namna hiyo. Herufi hizo zimeandikwa nyuma ya kopo. Vijana wengi wa stendi hawajawahi kuonyeshwa.

Binamu yangu alitia dawa yake. Wiki ya pili, akiwa na abiria wawili na gunia la nazi, kwenye kile kimlima kidogo injini ikalia kwa nguvu na pikipiki ikabaki pale pale. Klachi inateleza. Fundi akamwaga oili, akafungua, akabadilisha sahani. Siku mbili bila kazi, na pikipiki ni ya mkopo wa kulipwa kila siku. Mwenye mkopo haulizi habari za klachi. Ninakiri kwamba siwezi kuthibitisha kuwa ni ile chupa na si uchovu wa sahani zenyewe, pikipiki moja si ushahidi, na ningekuwa mnafiki kusema vingine baada ya yote niliyoyaandika hapo juu. Ninachojua ni kwamba chupa haikuwa na neno lolote juu ya klachi, na muuzaji alimwambia sasa anaweza kukaa kilomita elfu kumi bila kubadilisha oili. Hilo la pili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Lita moja ya oili inayozunguka kwenye vumbi na joto haiongezewi umri kwa kifuniko cha dawa. Kwa shilingi zile 1,200 angebadilisha oili nzuri na chenji ingebaki.

Nilimwendea yule muuzaji na kumpa pendekezo, kwa heshima. Stendi ina pikipiki zaidi ya ishirini za aina moja. Kumi zitiwe dawa, kumi zitiwe oili tupu, chupa zote zifutwe maandishi, waendeshaji wasijue nani kapewa nini. Baada ya miezi mitatu tupeleke oili iliyotumika maabara ipimwe kuna chuma kiasi gani ndani yake. Akacheka. "Kaka, wewe umesoma sana. Wateja wangu wanaamini wanachokiona." Kusema kweli ni jibu la mtu anayeijua biashara yake.

Sheria tunazo. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike na bidhaa, na Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 inakataza kumdanganya mnunuzi juu ya uwezo wa bidhaa. Lakini meza inayokunjwa jioni na kuhamia Lungalunga kesho nani ataishtaki? Kijana wa bodaboda hana siku ya kupoteza.

Kwa hiyo kwa wenye pikipiki: soma kitabu chake, uone ametaja uzito gani, mara nyingi utakuta 20W-50. Nunua kopo lililofungwa, lenye alama ya KEBS na herufi JASO MA au MA2, kwenye duka utakaloweza kulirudia, kwa sababu oili bandia ndiyo adui wa kweli wa injini zetu kuliko kukosa dawa yoyote. Badilisha kwa wakati. Na kama tayari umetia ile dawa na unaona injini inapanda mlio lakini mwendo hauongezeki, usisubiri: mwaga oili yote ikiwa ya moto, weka mpya ya MA, uendeshe siku chache uone. Ikiendelea kuteleza, sahani zimekwisha, mwone fundi kabla hujapakia mtu tena.