Kiingereza cha Daftarini Hakitoshi

Mwanafunzi wa kidato cha nne huko Nachingwea au Ruangwa aweza kuandika kitenzi cha Kiingereza katika nyakati zake zote bila kukosea. Aulizwapo kwa lugha hiyo hiyo njia ya kwenda hospitali, huinamisha kichwa. Mtoto huyo si mjinga. Wengi wao nyumbani husema Kimwera, shule ya msingi husomeshwa kwa Kiswahili, kisha sekondari hutakiwa kuelewa fizikia na historia kwa lugha ambayo hawajapata kununulia hata chumvi.

Jambo hili si geni. Mwaka 1984 wataalamu Criper na Dodd walichunguza hali ya Kiingereza nchini, wakaona kwamba wengi wa wanafunzi wa sekondari hawakukimudu kiasi cha kusomea. Tangu hapo mitaala imebadilishwa zaidi ya mara moja, lakini katika madarasa mengi mwalimu angali msemaji na mwanafunzi mnakili. Darasa zima kuitikia salamu kwa pamoja si mazungumzo, ni kwaya.

Ajabu ni kwamba Nachingwea yenyewe iliwahi kushuhudia lugha ya kigeni ikifunzwa na kusemwa. Wapigania uhuru wa FRELIMO walikuwa na kambi yao ya mafunzo hapo hadi ukombozi wa Msumbiji mwaka 1975. Walitoka katika makabila mbalimbali, na chama chao kiliteua Kireno, lugha ya mkoloni yule yule, kiwaunganishe. Kireno hicho kilikuwa na kazi: kutoa amri, kujadiliana, kufundishana siasa. Vita havikumngoja mtu amalize sarufi kwanza ndipo afungue kinywa.

Kiingereza nacho kipewe kazi darasani. Hata mwalimu mwenye wanafunzi themanini aweza kutenga dakika kumi za kipindi, wakaketi wawili wawili, mmoja akauza korosho na mwingine akawa mnunuzi kutoka India. Si mchezo huo. Korosho za wilaya hizi huvuka bahari, na kinywe cha Ruangwa kimeyavuta makampuni ya kigeni. Kijana asiyeweza kuuliza swali mbele ya mgeni hutia saini asichokielewa.

Makosa yatakuwapo, na mwalimu ayaache yapite hadi mazungumzo yaishe. Kuadhibu watoto kwa kusema Kiswahili hakujazaa Kiingereza, kumezaa ukimya. Na hao wanaocheka lafudhi ya Kimwera katika Kiingereza wana kasumba tu, maana Mskoti naye ana lafudhi yake na hachekwi.

Hata hivyo, mwalimu hatabadilika kwa kuhimizwa peke yake. Mtihani wa taifa wa kidato cha nne hupima Kiingereza kwa kalamu, naye hufundisha kile kitakachoulizwa. Baraza la Mitihani litenge sehemu ya alama, hata kumi katika mia, kwa mazungumzo ya ana kwa ana. Watasema watahini hawatoshi. Walimu wa Nachingwea wawatahini wanafunzi wa Ruangwa, na wa Ruangwa wawatahini wa Nachingwea. Wilaya hizi ni jirani. Chuo cha Ualimu Nachingwea nacho kingeweza kuanza jaribio hilo kwa wanachuo wake wenyewe, kabla hawajakabidhiwa chaki.