Ukuta Mbele ya Bahari

Mtu wa pwani akijenga nyumba hutaka baraza ielekee upepo wa bahari, na akibahatika hutaka aione bahari yenyewe. Akiamka huitazama kabla hajaitazama saa, ajue maji yanapwa au yanajaa, ni bamvua au ni maji mafu, kaskazi imeshika au ingali ikisitasita. Basi mtu wa namna hii akiambiwa kuwa iko nchi ya wavuvi ambako bahari imefichwa nyuma ya ukuta wa saruji wenye kimo cha jumba la ghorofa nne, jambo la kwanza atakalouliza ni hili: wamekosana nini na bahari? Nami nilikwenda Sanriku na swali hilo, nikarudi na jawabu ambalo si wote watakaolipenda.

Sanriku ni pwani ya kaskazini-mashariki ya Honshu, kile kisiwa kikubwa cha Japani. Wageni wengi huishia Tokyo na Kyoto, wakapiga picha mlima wa Fuji, wakarudi kwao wakidhani wameimaliza nchi. Huku hufika wachache, ingawa safari yenyewe ni fupi. Kutoka Kuji hadi Sakari kwa garimoshi ni kilomita 163, na mwenye haraka huimaliza kwa siku moja. Mimi niliitumilia siku tatu, kwani njiani pana mahali pa kuteremka.

Garimoshi lenyewe aghalabu ni behewa moja tu, nalo hukokota baina ya mahandaki na mikono ya bahari. Kampuni ya reli hiyo ilianza kazi mwaka 1984. Gharika ilipowapata tarehe 11 Machi 2011, reli ikang'olewa vipande vipande. Lakini siku ya tano tu kipande kifupi cha karibu na Kuji kilikuwa kikipitisha abiria tena, na bila ya nauli. Njia nzima ya kampuni ile ilifunguliwa mwezi wa Aprili 2014. Yapo madaraja ambapo dereva hupunguza mwendo makusudi ili abiria waitazame bahari, jambo ambalo sijaliona likifanywa na dereva yeyote wa kwetu.

Ama kuhusu chakula, sisi wafuasi wa Imamu Shafii hatutaabiki sana huko, kwani kila meza ni samaki, mwani na vya baharini. Kuji ni mashuhuri kwa kile kidude cheusi chenye miiba ambacho watoto wetu wakikikanyaga mwambani hurudi nyumbani wakichechemea. Wenzetu hukipasua, wakala ute wake wa rangi ya manjano juu ya wali, na bei yake si ya mchezo. Muhimu ni kuuliza mapema kama mchuzi umetiwa pombe ya mchele, maana hiyo huingia katika vyungu vingi bila ya mtu kuiona.

Na uzuri upo, wala sitaki kuuficha. Kitayamazaki ni majabali yaliyosimama wima kutoka baharini kiasi cha mita 200, na chini yake maji yanapiga hata ukungu unapanda. Kusini kidogo, katika mji wa Miyako, iko Jodogahama, pwani ya mawe meupe yaliyochongoka, misonobari imeota vichwani mwake, na maji ndani yametulia kama ya kwenye bakuli. Mapokezi yao yasema mtawa mmoja wa karne ya 17 ndiye aliyeipa jina, nalo kwa itikadi ya Wabudha ni jina la pepo. Sisi pepo twaijua kwa sifa nyingine, lakini niliielewa sababu ya mtawa yule.

Kuanzia hapo kwenda kusini pwani huchanwachanwa. Bahari imeingia katika mabonde ya mito ya zamani ikafanya mikono mirefu, kama ile ya Kilindini kwetu, ila huko milima imeibana pande zote mbili. Bandari nzuri, samaki tele, na mtego wa mauti. Wimbi kubwa likitoka bahari kuu likaingia mlango mpana, kisha likasongwa na mkono unaozidi kuwa mwembamba, halina pa kwenda ila juu.

Tarehe 15 Juni 1896, jioni ya sikukuu, zilzala ilikuwa hafifu hata wengi hawakuijali. Wimbi lilipofika liliua watu wapatao 22,000, na mahali pamoja lilipanda mita 38. Tarehe 3 Machi 1933 lilirudi alfajiri, katika theluji, likachukua kama 3,000. Mwaka 1960 lilikuja bila ya ardhi yao kutikisika hata kidogo, limevuka bahari nzima kutoka Chile. Kisha likaja la 2011, saa nane na dakika 46 mchana ardhi ilipotetemeka, na hesabu yake kwa nchi nzima ni karibu watu 16,000 waliokufa na zaidi ya 2,500 wasioonekana hata leo.

Kwa hiyo wanaojenga ukuta si wajinga, na msomaji asinidhanie kuwa nimekwenda kuwacheka. Lakini teremka Taro, uone.

Taro ni kijiji cha wavuvi kilichopoteza watu zaidi ya 1,800 mwaka 1896 na zaidi ya 900 mwaka 1933. Waliobaki walianza kujenga ukuta mwaka uliofuata. Ukaongezwa na kuongezwa kwa miaka mingi, mpaka ukawa na kimo cha mita 10 na urefu wa kilomita mbili na nusu kasoro kidogo, na watu wakaulinganisha na ule ukuta mkuu wa China. Wageni kutoka nchi za nje walikuwa wakija kuutazama. Mwaka 2011 wimbi liliupita juu kama maji yapitavyo kizingiti cha mlango, likavunja kipande chake kizima, na watu zaidi ya 150 wa Taro wakaangamia. Wako waliochelewa kukimbia kwa kuutegemea ukuta. Wako waliochelewa kwa sababu nyepesi zaidi: walikuwa nyuma yake, na bahari hawakuiona ikija.

Hoteli moja ya ghorofa sita imeachwa pale kama ilivyo. Ghorofa mbili za chini zimebaki nguzo za chuma tu, upepo unapita. Mwenyewe alikuwa juu kabisa siku ile akapiga picha za sinema, na mgeni hupandishwa katika chumba kile kile, akaonyeshwa picha zile, kisha pazia likafunguliwa akaitazama bahari. Wenzangu katika msafara hawakusema neno. Tuliposhuka tuliuona ukuta mpya, mita 14.7.

Huo ni mmoja tu. Katika mikoa mitatu iliyopigwa, serikali iliazimia kujenga kuta ambazo zikiunganishwa ni takriban kilomita 400. Ukipita kwa gari chini yake husikii bahari. Wasikia harufu ya chumvi tu, kama mtu aliyekaa nyuma ya pazia la arusi akanusa udi wa watu wengine. Nasi hapa kwetu twajua kidogo maana ya kuzibiwa njia ya kwendea bahari. Tofauti ni kwamba kuta zetu zilijengwa na matajiri wa viwanja, na zao zimejengwa kwa nia njema.

Sasa nirudi nyuma Fudai, ambako garimoshi lilipita kabla ya Taro nami nikakuacha makusudi, kwani Fudai yanipinga. Mwenyekiti wa kijiji hicho, Wamura Kotoku, alikuwa kijana mwaka 1933, na aliyoyaona hayakumtoka. Alipopata madaraka alisimamisha ukuta bandarini, kisha akang'ang'ania kujenga lango la mto lenye kimo cha mita 15.5. Watu walimlalamikia: gharama ni kubwa mno, mita zote hizo za nini? Hakupunguza hata moja, kwa kuwa alikuwa amesikia kutoka kwa wazee kwamba wimbi la 1896 lilifika mita 15. Lango lilimalizika mwaka 1984. Wamura alifariki mwaka 1997, na watu wakaendelea kunung'unika. Mwaka 2011 wimbi lililifikia lango na hata kulipita kidogo, nguvu zikawa zimekwisha. Kijiji kilisalimika, isipokuwa mtu mmoja aliyekwenda bandarini kuangalia mashua yake. Baada ya hapo wanakijiji wakawa wanakwenda kaburini kwa Wamura kumshukuru.

Je, si hoja ya ukuta hiyo? Ndiyo, kwa upande mmoja. Lakini angalia kilichojenga lango la Fudai. Si saruji, bali ni mtu mmoja aliyekataa kusahau, akakipima kimo kwa masimulizi ya wazee wala si kwa mfuko wa fedha. Wa Taro nao walikumbuka, ila baada ya miaka ukuta ukashika nafasi ya kumbukumbu. Na hapo ndipo nilipo mimi: ukuta unaosimama badala ya kukumbuka ni hatari kuliko kutokuwa na ukuta.

Ushahidi wangu wa kwanza ni jiwe. Katika rasi moja iliyo upande wa Miyako pana kitongoji cha Aneyoshi, ambacho mwaka 1896 walibaki hai watu wawili tu, na mwaka 1933 wanne. Baada ya mara ile ya pili wakapandisha nyumba zao juu ya bonde na kusimamisha jiwe lenye maandishi, linalowahusia wajukuu wasijenge chini ya hapo. Ni jiwe la kimo cha mtoto, waweza kulipita usilione. Mwaka 2011 maji yalipanda katika bonde lile mita 40 na kitu, katika vimo vya juu kabisa vilivyopimwa siku ile, yakakomea chini ya jiwe. Hakuna nyumba iliyoguswa. Gharama ya jiwe na ya lango la Fudai hazilingani hata kidogo.

Wa pili ni watoto. Unosumai ni mtaa wa mji wa Kamaishi, na mbele ya bandari ya Kamaishi palikuwa na ukuta wa chini ya maji uliosimama katika kina cha mita 63, ukamalizika mwaka 2009 na kuandikwa katika vitabu vya ajabu za dunia. Haukudumu miaka miwili. Wataalamu husema ulilichelewesha wimbi kwa dakika chache, na dakika chache si haba. Lakini Unosumai ina ghuba yake mbali na ukuta ule, na ramani ya hatari ilionyesha kwamba skuli zake mbili ziko mahali salama. Profesa Katada Toshitaka alikuwa amewafundisha watoto kwa miaka kadhaa wasiiamini ramani. Ardhi ilipotulia, wale wakubwa walitoka mbio, wadogo wakawafuata, wakashikana mikono. Walipofika mahali palipopangwa wakaona hapatoshi, wakapanda tena, na tena. Watoto karibu 570 waliokuwa skulini siku ile wakaokoka. Katika mtaa huo huo, watu wazima zaidi ya 100 walikimbilia jumba la serikali walilozoea kufanyia mazoezi ya dharura, na humo wakafia. Pale skuli zilipokuwa sasa ni kiwanja cha mchezo wa raga, kilichochezewa mashindano ya dunia mwaka 2019.

Watu wa pwani ile wana neno lao, tendenko, yaani kila mtu kivyake. Likivuma wimbi, usimngoje mama wala mwana, kimbia. Nilipolisikia mara ya kwanza liliniudhi, nikaikumbuka Surat Abasa na habari ya siku ile ambayo mtu atawakimbia walio wake. Kisha nikaelezwa kwamba si ubinafsi, bali ni mapatano: mama anayejua kuwa mwanawe hakika amekimbia hatarudi kumtafuta, na mwana vivyo hivyo, wakutane juu. Hii ni tawakali ya mtu aliyekwisha kumfunga ngamia wake.

Nasi tusijione tuko mbali. Tarehe 26 Desemba 2004 mawimbi yaliyotoka Sumatra yaliwasili kwetu mchana, yakiwa yamechoka, na maji ya pwani yakiwa chini. Somalia ilipoteza watu wapatao 300, Kenya, mmoja. Polisi iliwabidi kuwafukuza watu fuoni, kwani wengine walikuwa wakienda kutazama.

Kutoka Sakari hakuna reli ya kuendelea, ni basi linalopita palipokuwa reli. Rikuzentakata palikuwa na msitu wa misonobari kama 70,000 uliopandwa tangu karne ya 17. Ulibaki mmoja. Nao ulikufa mwaka 2012, wakauchukua, wakautia vyuma ndani na majani ya bandia, wakausimamisha tena kwa fedha nyingi. Mshairi mwenzangu angeweza kuutungia beti, mimi nilipita.

Nilikuwa na hamu ya kufika Moune, ghuba ndogo katika mji wa Kesennuma. Ndiko alikokaa Hatakeyama Shigeatsu, mfugaji wa chaza, ambaye tangu mwaka 1989 aliwaongoza wavuvi kupanda miti milimani, kwa kuwa mto hulisha bahari. Mama yake alichukuliwa na gharika ya 2011. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 2025. Serikali ilipoleta mpango wa ukuta wa kama mita 10, wanakijiji walikaa wakashauriana, wakaandika kuwa hawautaki, na mji ukakubali. Nyumba zao wamezihamishia kilimani. Ardhi ya chini ilididimia kwa zilzala, maji ya chumvi yakaingia, wakayaacha yakae. Na sasa katika tope lile wameota kombe wadogo ambao wazee wa Moune walikuwa wakiwaokota utotoni, kabla pale hapajafukiwa.