Pwani ilipewa siku tatu, Meru hupewa dakika

Mwanzoni mwa Mei 2024 watu wa pwani, kuanzia Mtwara hadi Tanga, walilala na kuamka na jina moja: Hidaya. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, iliiona hatari ikiwa bado mgandamizo mdogo wa hewa baharini, mashariki ya Mtwara. Ikatangaza ulipogeuka kimbunga, kisha ikatoa taarifa juu ya taarifa hadi kimbunga kilipofika Mafia Mei 4. Siku moja kabla, boti za abiria kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilikuwa zimeshasimamishwa. Kilipofika kisiwani kilikuwa kinapungua nguvu, ingawa mvua yake iliikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi pale Somanga na kuyaacha mabasi na malori yamekwama pande zote mbili. Hasara ilikuwepo, lakini watu walikuwa wamepewa muda wa kujiweka sawa.

Wiki tatu kabla ya Hidaya, asubuhi ya Ijumaa, Aprili 12, gari la shule lilijaribu kuvuka korongo lililofurika upande wa Sinoni, jijini Arusha. Maji yakalibeba. Watoto kadhaa waliokuwa wakienda darasani walikufa, na mtu aliyejitosa kuwaokoa akafa pamoja nao. Kimbunga hakikuwepo. Mvua ya masika iliyonyesha usiku ilitosha.

Matukio haya mawili yanapaswa kusomwa kwa pamoja, hasa na watu wanaoishi chini ya Mlima Meru. Mtu wa Akheri, kwenye miteremko ya mlima huo, akisikia habari za kimbunga huona ni mambo ya Mafia na Kilwa, ya wenye bahari. Ni kweli bahari iko mbali. Lakini kilele cha Meru kina zaidi ya mita 4,500 juu ya usawa wa bahari, na Tengeru, pale chini kwenye barabara ya Moshi, ina kama mita 1,250. Maji ya juu kabisa hushuka zaidi ya mita 3,000 katika umbali usiozidi kilomita 20. Njiani hukusanya udongo laini wa majivu ya volkano, magogo na mawe. Kimbunga kikiwa baharini huonekana kwa setilaiti siku kadhaa kabla hakijafika. Korongo la Meru hujaa ndani ya muda mfupi, mara nyingine huku chini jua likiwaka na wauzaji wa ndizi wa soko la Tengeru wakiendelea na biashara kama kawaida, kwa sababu mvua imenyesha juu, msituni, mahali wasipopaona.

Kwa hiyo wanaosema maeneo ya mlimani yana nafuu kuliko pwani wanakosea. Yana haja kubwa zaidi ya kujiandaa mapema, kwa kuwa maji yakishaanza kushuka hakuna tena nafasi ya kuitisha kikao.

TMA inafanya sehemu yake. Taarifa zake hutoka kwa ngazi zinazoeleweka: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Utabiri wa masika hutolewa kabla msimu haujaanza. Tatizo ni kwamba tangazo la mvua kubwa kwa mikoa ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara haliwezi kumwambia mama wa Akheri kama mtoto wake avuke Mto Malala leo au asivuke. Kati ya studio ya redio na ukingo wa mto kuna pengo, na watu hufia ndani ya pengo hilo. Aprili 25, 2024, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 na kuathiri zaidi ya 200,000. Msimu huohuo ulikuwa umetabiriwa.

Pengo hilo lina wenyewe kisheria. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inaweka kamati za maafa kuanzia taifa, mkoa na wilaya hadi kata na kijiji. Kwenye karatasi, basi, mlinzi wa ukingo wa mto yupo. Swali la kumuuliza mwenyekiti yeyote wa kijiji ni moja tu: kamati hiyo ilikaa lini mara ya mwisho, na ilikaa kabla ya mvua au baada ya nyumba kwenda na maji? Kamati inayokutana kugawa blanketi na unga ni kamati ya rambirambi. Ina heshima yake, lakini haijaokoa mtu.

Pwani yenyewe haikuzaliwa ikijua kujikinga. Aprili 1872 dhoruba iliivamia Unguja na kung'oa mikarafuu kwa wingi kiasi kwamba Pemba, iliyonusurika, ndiyo iliyokuja kuongoza kwa karafuu. Aprili 1952 kimbunga kingine kiliipiga Lindi na kuua watu. Mwaka 2019 kimbunga Idai kiliisambaratisha Beira, Msumbiji, na zaidi ya watu 600 walikufa nchini humo. Wiki chache baadaye kimbunga Kenneth kilipokaribia mpakani, wakazi wa Mtwara walihimizwa kuhama maeneo ya hatari.

Nchi iliyojifunza kwa bei kubwa kuliko zote ni Bangladesh. Mwaka 1970 kimbunga cha Bhola kiliua watu wasiopungua 300,000. Baada ya msiba ule, serikali na Chama cha Hilali Nyekundu walijenga mtandao wa watu wa kujitolea wa vijijini, wenye vipaza sauti vya mkononi na bendera, kila mmoja akijua nyumba anazopaswa kuzigongea hodi na jengo la kuwapeleka watu. Mwaka 2020 kimbunga Amphan kilipokuja, zaidi ya watu milioni mbili walihamishwa, na vifo nchini humo vilikuwa makumi. Majengo imara na utabiri bora vilisaidia sana. Ila mtu wa kugonga mlango ndiye aliyeyafanya hayo mengine yafae.

Akheri haihitaji kuanza na kitu kipya. Miteremko ya Meru ina mifereji ya asili ya kumwagilia migomba, kahawa na mboga, na mifereji hiyo ina kamati zake na wazee wake. Hao ndio wanaojua mto unavyobadilika rangi, ndio wanaopanda kuziba mdomo wa mfereji mto ukizidi. Wanajua saa ambayo maji ya msituni hufika kijijini. Hakuna mtaalamu wa kutoka Dodoma atakayewazidi kwa hilo. Lakini kwenye mipango ya maafa hutamsikia mtu akiwataja.

Wakitambuliwa rasmi, wakapewa simu yenye salio, na namba zao zikawa kwa walimu wakuu, waendesha bodaboda, madereva wa daladala na watendaji wa vijiji vya chini, tahadhari itatembea mbele ya maji. Mkazi wa Nkoaranga akiona mto umekuwa na tope na magogo, ampigie wa Leganga, na wa Leganga ampigie wa Kikwe na Mbuguni, huko tambarare ambako maji ya mlima hutandaa mashambani. Simu ikikosa mtandao, na usiku wa mvua hukosa, makanisa yana kengele na misikiti ina vipaza sauti. Kinachotakiwa ni makubaliano ya mapema kwamba mlio fulani, nje ya saa za ibada, maana yake ni kutoka bondeni.

Jambo gumu zaidi ni kukifunga kivuko. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kulisukuma gari dogo, na yakifika sentimita 60 hubeba magari mengi ya kawaida. Dereva hawezi kuona kina ndani ya maji ya tope, tena mara nyingi ana abiria wanaomhimiza na bosi anayesubiri hesabu. Kumwachia yeye uamuzi ni kumbebesha mzigo usio wake. Kila kivuko cha korongo kinahitaji nguzo iliyopakwa rangi kuonyesha kina, kizuizi, hata kama ni mti na kamba, na mtu mmoja anayejulikana kwa jina mwenye ruhusa ya kufunga njia bila kumpigia mkubwa yeyote kwanza. Polisi watakuja, na Zimamoto kwa namba 114 pia, lakini wanatoka mbali kuliko maji.

Kuna pia lile la kingo za mito, ambalo wengi hawapendi kulisikia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Ukipita Tengeru utaona bustani za mboga zikigusa maji, na mahali pengine nyumba. Wenye bustani hizo si wahalifu. Ardhi ya Meru imegawanywa baba hadi mwana hadi ikabaki vipande, na mchicha wa bondeni ndio ada ya shule. Kuwafukuza kwa tingatinga ni ukatili na hakudumu. Kupanda miti na majani ya kushika udongo kwenye kingo, ambayo pia hulisha ng'ombe wa ndani, kunawezekana, na kunamwachia mkulima kipato. Manufaa yake yanafika mbali: mito hii huingia Kikuletwa, ikaenda bwawa la Nyumba ya Mungu, ikashuka kwa Mto Pangani hadi Bahari ya Hindi. Udongo unaopotea Akheri huanza safari kwenye njia hiyohiyo.

Anayedhani haya ni maonyo ya kupita kiasi aikumbuke Katesh. Desemba 3, 2023, sehemu ya Mlima Hanang iliyolainika kwa mvua ilimeguka, na tope na mawe vikashuka mjini na kuua zaidi ya watu 80. Siku moja kabla, wakazi wengi waliutazama mlima ule kama Wameru wanavyoutazama wao, kama chanzo cha maji na mvua.

Masika huanza Machi. Kabla haijafika, Halmashauri ya Wilaya ya Meru na Jiji la Arusha zibandike katika kila ofisi ya kijiji na mtaa, na kila lango la shule, orodha ya vivuko vya hatari, jina na simu ya mwenye mamlaka ya kufunga kila kimoja, na jengo ambalo watu watakimbilia. Wazazi wanaolipia usafiri wa watoto waiombe orodha hiyo shuleni siku ya kufungua muhula, na shule isiyokuwa nayo isiruhusiwe kupitisha gari korongoni asubuhi ya mvua.