Rundo la Riwaya na Bwana Msa Aliyesahauliwa

Msomaji wa Kisumu akipita kwa wauza vitabu vya mitumba hurudi na Agatha Christie mmoja na James Hadley Chase wawili, majalada yamepauka, kurasa zimekunjwa pembe. Vya mwezi uliopita bado havijaguswa.

Si dhambi. Riwaya ya upelelezi haiozi kama omena iliyokosa jua.

Kasoro ni kwamba katika rundo hilo Bwana Msa haonekani. Mpelelezi huyo mvuta kiko, aliyebuniwa na Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, alitokea katika riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale, mwaka 1960. Kisima cha Giningi ikafuata 1968. Chase, Mwingereza, aliisimulia Marekani kwa msaada wa ramani na kamusi za misimu. Msa huwahoji mashahidi kwa Kiswahili chao. Anayetaka kupunguza rundo aanze naye, hata ikimbidi kwanza aliongeze.