Karakana ya Ukoo Mmoja

Januari, msimu wenyewe wa sare za shule, karakana yangu ya ushonaji pale Magomeni ilifungwa siku tisa. Umeme ulikuwepo na kodi ilikuwa imelipwa. Mafundi wote sita walikuwa wa ukoo mmoja, na ukoo ulikuwa umefiwa. Siwalaumu. Mwenye kosa ni mimi, niliyeajiri kwa simu kutoka huku ughaibuni kwa kumuuliza shangazi.

Msiba ule ulinifumbua macho kuhusu jambo zito zaidi. Mkata vitambaa alikuwa mjomba wao wote. Alipokosea kipimo walimwona, wakashona hivyo hivyo. Nani amkosoe mjomba mbele ya watu? Mashati yakarudishwa, nami nikaambiwa biashara ni ngumu.

Sasa nimeajiri nje ya ukoo: yumo mama wa Tandale, yumo kijana wa Pemba, na yumo fundi kiziwi ambaye wateja humuulizia yeye kwanza. Miezi ya mwanzo tuligombana sana: saa za swala, ibada ya Jumapili, nani akalie cherehani nzuri. Ikabidi vipimo vibandikwe ukutani na zamu ziandikwe daftarini. Hapo kazi ikatengemaa, maana anayeona kosa sasa huonyesha ukutani, na hakuna anayevunjiwa heshima. Kuchanganya watu peke yake kusingetosha, lakini bila kuchanganyika tusingeandika chochote.

Kwetu hili si geni. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichofunguliwa 1968 kwa msaada wa China pale Ubungo, kiliwakutanisha watu wa makabila mbalimbali kwenye mashine zile zile. Baadhi yetu tumesomeshwa kwa mishahara ya kiwanda hicho.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi wa kabila, dini, jinsia na ulemavu. Ile ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Biashara zetu nyingi hazifiki idadi hiyo, kwa hiyo hapo hatusukumwi na mkaguzi ila na dhamiri.

Huku ughaibuni tukinyimwa kazi kwa sababu ya lafudhi au jina, tunalalamika katika kila kikao, na ni haki yetu. Basi wewe unayefungua duka Sinza au Mwenge mwaka huu, bandika tangazo la kazi mlangoni kabla hujampigia shangazi.