Dereva wa lori aliyeisoma Los Angeles

Wasee, kuna jamaa anaitwa Mike Davis na kila mtu anayeishi Nairobi anafaa kumjua. Alizaliwa California mwaka wa 1946. Amekata nyama, ameendesha lori. Chuo kikuu, UCLA, aliingia akikaribia miaka 30, umri ambao kwetu mashangazi wanakuuliza harusi ni lini.

Mwaka wa 1990 akatoa City of Quartz, kitabu kuhusu Los Angeles. Huko watu huongelea Hollywood. Yeye aliangalia benchi. Ndiyo, benchi za stendi ya basi, zimeundwa mviringo kama pipa ndio mtu asiye na nyumba asiweze kulala juu yake. Akaangalia bustani ambayo maji hufunguliwa usiku, na si ya nyasi, ni ya kufukuza wanaolala hapo. Mageti, kamera, walinzi. Akasema jiji linajengwa kama ngome dhidi ya maskini wake. Aprili 1992 polisi waliompiga Rodney King wakaachiliwa kortini, LA ikawaka moto, na watu wakaanza kumwita Davis nabii. Nabii wapi? Jamaa alikuwa na macho tu, na alikuwa amezunguka mtaani.

Sasa hapa ndio tunakosana. Mwaka wa 2006 akaandika Planet of Slums, na Kibera imo, hadi zile mifuko za choo zinazorushwa usiku. Siwezi kataa, zilikuwepo. Na kulaumu IMF na Benki ya Dunia kwa masharti yaliyobana huduma za umma, hapo niko naye. Lakini hiki kitabu kimetoka sanasana kwa ripoti, na inaonekana. LA yake ina watu wenye majina, wanagombana, wanapanga mambo. Kwetu ni takwimu na matope. Mama wa mandazi hayuko, fundi wa simu hayuko, chama cha Jumapili hakiko. Yale macho ya benchi hayakufika Kibera.

Davis alifariki Oktoba 2022, kwa hivyo hatakuja kurekebisha. Ukisema unataka kuandika kuhusu jiji, unaambiwa hiyo ni kazi ya maprofesa na NGO. Na makanga anayejua kila kona kanjo hujificha, yeye ni nani? Mimi nimeanza na mageti ya mtaa wetu. Nataka kujua nani aliyaweka, nani analipa askari, na nani huulizwa kitambulisho akipita.