Mchagua Jembe si Mkulima

Mwaka wa mwisho wa shule ya msingi una heshima ambayo miaka mingine haina. Ndio mwaka ambao taifa humtazama mtoto wake na kumwuliza: umepata nini katika muda wote huu? Lakini jibu la swali hufuata namna ya kuuliza. Mtu akiambiwa aeleze, hueleza. Akiambiwa achague, huchagua. Na akizoezwa kuchagua tu, asubuhi na jioni, mwishowe husahau kwamba akili ya binadamu ina kazi nyingine. Katika shule za Tanzania mtoto wa darasa la saba amezoezwa kuchagua. Jambo hili ni dhuluma kwa mtoto na hasara kwa lugha ya Kiswahili, na wakati wa kulikomesha ni huu, kabla kosa la darasa la saba halijarithiwa na darasa la sita.

Na utazamwe mwaka wenyewe. Huanza Januari, na kwa hesabu ya wanaoutumikia huisha Septemba, mtihani wa kumaliza elimu ya msingi unapofanywa kwa siku mbili. Katikati ya miezi hiyo hupangwa majaribio ya shule, ya wilaya na ya mkoa; mahali pengine huwekwa kambi, watoto wakalala shuleni ili wapate saa zaidi za mazoezi; na mitihani ya miaka iliyopita hurudiwa mpaka karatasi zikachakaa. Mtihani unaongojwa kwa shauku hiyo, kwa sehemu yake kubwa, ni wa kuchagua jibu moja miongoni mwa majibu yaliyokwisha kuandikwa. Maswali machache tu huhitaji jibu fupi. Mtoto akishachagua huagizwa kusiliba herufi kwa penseli. Neno hilo ni la mafundi wa nyumba: asilibaye ukuta huufunika kwa udongo au chokaa hata nyufa zisionekane. Hapana neno lingaliweza kufaa zaidi, kwa kuwa doa lile jeusi nalo hufunika ufa. Msahihishaji hawezi kujua kama chini yake kuna maarifa au bahati. Penye majibu matano, asiyejua lolote hupata moja katika tano kwa kubahatisha.

Ajabu kubwa imo katika karatasi ya Kiswahili. Kwa miaka mingi ya karibuni karatasi hiyo imekuwa na sehemu iitwayo utungaji. Asikiaye jina hilo hudhani kwamba sasa mtoto ataachiwa ukurasa mweupe, aseme lililomo moyoni mwake. La! Hupewa sentensi nne au tano zilizovurugwa, zilizotungwa na mtu mwingine, naye hutakiwa kuzipanga kwa kuzipa herufi. Hutunga pasipo kuandika neno. Mpishi angeitwa mpishi kwa kupanga sahani mezani? Mtoto huyu amesoma Kiswahili kwa miaka saba, na katika siku ambayo nchi inampima, nchi haitaki kusikia hata sentensi moja iliyo yake.

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Walijua kuwa mtu aweza kusimama dukani, akapima mpini, akagonga chuma, akataja jembe lililo bora kuliko yote, na shamba lake likabaki pori. Ndivyo ilivyo katika masomo yote ya darasa lile. Mtoto husiliba herufi inayotaja sehemu ya ua ibebayo chavua, lakini hajapata kuambiwa aandike alichokiona ndani ya ua la mboga lililo nyuma ya nyumba yao. Husiliba herufi inayotaja wajibu wa raia, lakini hawezi kuandika barua ya kumweleza mwenyekiti wa kijiji kwamba kisima kimeharibika. Ana majina ya vitu vingi, na maelezo ya vitu vichache.

Jambo hili lina asili yake. Julius Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwezi Machi 1967, alionyesha kwamba watoto 13 hivi tu katika kila 100 waliomaliza shule ya msingi walipata nafasi katika sekondari, na kwamba shule nzima ilikuwa imepangwa kwa ajili ya hao wachache. Alitaka elimu ya msingi iwe kamili kwa nafsi yake, isiwe ngazi tu ya kupandia kwingine. Akaonya pia kuwa mtihani hupima uwezo wa kukumbuka mambo na kuyatoa kwa haraka, wala haupimi sikuzote uwezo wa kufikiri. Azimio la Musoma la 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa wote, na shule zikajaa. Walakini nafasi za sekondari zilibaki chache kwa miaka mingi, na palipo na watu wengi na mlango mwembamba, mtihani hugeuka chekeche. Kazi ya chekeche ni kutenga, na kutenga kwa upesi. Haliulizi punje ina ladha gani.

Basi, kama chekeche lilikuwa na udhuru zamani, udhuru huo uko wapi leo? Tangu mpango wa maendeleo ya sekondari wa 2004, shule za kata zimejengwa nchi nzima. Tangu 2016 ada imeondolewa mpaka kidato cha nne. Katika mitihani ya 2023 na 2024 waliofaulu walizidi 80 katika kila 100. Mlango umepanuliwa, na bado mtoto anafundishwa kana kwamba ni ule mwembamba wa babu yake. Wenye kulitetea chekeche wamezoea mlio wake, wakadhani kwamba huo mlio ndio elimu.

Watetezi hao wana hoja tatu, na haki ni kuzisikiliza. Hoja ya kwanza ni wingi: watahiniwa wa darasa la saba hupita milioni 1 kila mwaka, na mashine tu, wasema, ndiyo iwezayo kusahihisha kazi ya umati huo. Hoja hii hujibiwa na jirani. Mtihani wa darasa la nane wa Kenya, uliodumu kutoka 1985 mpaka 2023, ulikuwa na maswali ya kuchagua kama huu, lakini kando ya maswali hayo kulikuwa na karatasi ya insha, ya Kiswahili na ya Kiingereza, iliyosahihishwa na walimu kwa macho yao na kalamu zao. Watahiniwa wa Kenya nao, katika miaka yake ya mwisho, walipita milioni 1. Lililowezekana upande mmoja wa mpaka halikuwa muhali upande wa pili. Lilikuwa na gharama. Lakini nchi ambayo haioni gharama katika kambi na majaribio yasiyo na idadi haiwezi kulia umaskini linapotajwa fungu la walimu wa kusahihisha insha.

Hoja ya pili ni haki: mashine haina upendeleo, na mwalimu anao. Ni kweli kwamba walimu wawili wanaweza kutofautiana juu ya insha moja. Dawa yake inajulikana tangu zamani: insha isomwe na wasahihishaji wawili kwa mwongozo mmoja, na wakipishana sana aitwe wa tatu. Mashine nayo ina dhuluma yake, ambayo haisemwi kwa sababu haina uso. Humpa alama aliyebahatisha sawasawa na aliyejua, na humnyima yote aliyefikiri vizuri akateleza mwishoni. Haki isiyoona juhudi ya mtu ni haki ya mizani iliyopimia mchanga.

Hoja ya tatu ndiyo nzito. Husemwa kwamba insha ikitiwa katika mtihani, watoto wataikariri. Na Kenya yenyewe ilitoa ushahidi: wapo waliofundishwa kumwaga misemo na tashbihi zilizokaririwa, hata jua likachomoza kwa maneno yale yale katika insha ya harusi, ya mazishi na ya ajali ya gari. Hili haliwezi kukanushwa. Lakini kasoro ya insha iliyokaririwa huonekana. Mwalimu huisoma, akaichukia, akamkata mtoto alama, akamwambia kwa nini. Kasoro ya herufi iliyosilibwa haionekani, kwa hiyo haiponi. Mgonjwa ajulikanaye ni heri kuliko mgonjwa aliyefunikwa shuka akaitwa mzima. Tena dawa ya ukariri ni swali jema. Mtoto akiambiwa aandike juu ya "siku nisiyoisahau", atatoa alichokariri. Akiambiwa amweleze mgeni namna mhogo unavyotayarishwa nyumbani kwao, tangu kung'olewa mpaka kuliwa, hapana kitabu kitakachomsaidia.

Wapo wasemao kwamba mambo haya yangoje sekondari. Hao hawajafikiri juu ya lugha. Katika shule za serikali za Tanzania mtoto husoma kwa Kiswahili mpaka darasa la saba, na akiingia kidato cha kwanza masomo yote, isipokuwa machache, hugeuka kuwa ya Kiingereza. Maana yake ni kwamba darasa la saba ni mwaka wa mwisho ambao mtoto huyu aweza kufundishwa kupanga hoja ya sayansi au ya historia katika lugha anayoota nayo. Asipojifunza hapo, atatakiwa kujifunza kufikiri kwa kalamu na kujifunza lugha ngeni kwa pamoja, kama mtu afunzwaye kuogelea na kujenga mashua katika siku moja, ndani ya maji ya kina. Wengi huzama, kisha husemwa kuwa hawana akili. Na yule ambaye shule yake hukomea hapo, huenda na cheti, lakini hana ukurasa mmoja wa maneno yake mwenyewe.

Shaaban Robert hakupata kusoma chuo kikuu. Alisoma Dar es Salaam kati ya 1922 na 1926, akawa karani. Na mwaka 1954 kikachapishwa kitabu chake, Kielezo cha Insha. Karani huyo aliona kwamba watu wanaostahili kutawala lugha yao lazima wajue kuitungia hoja. Si kila mtoto atakuwa Shaaban Robert, wala si lazima. Lakini shule ambayo haimpi mtoto yeyote ukurasa mweupe imekwisha amua kwamba miongoni mwa hao milioni hayumo hata mmoja.

Hapa lawama haiwezi kumwangukia mwalimu wa darasa la saba. Yeye hupimwa kwa hesabu ya waliofaulu, na mtu hucheza ngoma anayopigiwa. Lawama kubwa zaidi iko karibu na wasomaji wa kurasa hizi. Katika vyuo vikuu wahadhiri hulalamika kila muhula kwamba wanafunzi hawajui kuandika: aya hazina kichwa, hoja hazina mwisho, kazi ya mwingine hunakiliwa ikaletwa kama ilivyo. Kwani kunakili ni nini ila kuchagua jibu lililokwisha kuandikwa? Mwanafunzi anatenda alilofundishwa. Na wanazuoni wa Kiswahili, ambao hushindana juu ya vina na mizani na ngeli, wamekuwa wapi wakati neno utungaji lilipovuliwa maana yake mbele ya watoto? Wametetea lugha katika mikutano, wakaiacha peke yake katika chumba cha mtihani.

Sasa nafasi imekuja ambayo haitarudi upesi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, katika toleo lake la 2023, imeagiza elimu ya msingi iwe ya miaka sita na elimu ya lazima iwe ya miaka 10. Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024, na watoto walioingia darasa la tatu mwaka huo ndio waliopangiwa kuwa wa kwanza kumalizia darasa la sita, mwaka 2027. Ikiwa kila mtoto atalazimika kuendelea, chekeche halina tena cha kuchekecha. Lakini vyombo vya zamani vina tabia ya kuhama pamoja na wenyeji. Likiingizwa katika darasa la sita kama lilivyo, litamkuta mtoto aliye mdogo kwa mwaka mmoja, naye atavuka kwenda Kiingereza akiwa amepungukiwa mwaka mmoja wa lugha yake.

Kinachodaiwa si kikubwa. Mwaka wa mwisho ufundishe mtoto mambo manne ya kalamu: kuandika barua yenye ombi, kueleza jambo lilivyotukia, kueleza namna kitu kinavyofanywa, na kutetea rai yake mbele ya asiyeikubali. Mtihani uwe na ukurasa mmoja mtupu, ambao mtoto ataujaza kwa mkono wake kwa Kiswahili, na ukurasa huo uwe na alama za kutosha hata mwalimu asithubutu kuupuuza. Herufi za kusiliba na zibaki kwa mambo yanayostahili herufi.

Watasema kwamba insha nyingi zitakuwa mbovu. Zitakuwa mbovu, naam, tena mbovu sana katika miaka ya kwanza. Na kwa mara ya kwanza nchi itajua kwa hakika watoto wake wamefundishwa nini. Anayeogopa kuzisoma anajua tayari zitakavyosema.